Jagi la Kurudisha

Hita ya Bi Safiya ilikuwa ikiimba. Anayecheka na acheke, lakini awaulize kwanza wale waliokuwa wakija kutawadha uani kwake, Machakos mjini, asubuhi za Julai, wakati ukungu umeshuka kutoka milima ya Iveti na kukaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Ukiwasha swichi, hita ilikaa kimya kidogo, kisha ikaanza: mmm, mmm, chini chini, halafu sauti ikapanda na kuwa mluzi mwembamba. Bi Safiya alikuwa akiketi kwenye kigoda karibu nayo, kajifunika shuka hadi masikioni, akaisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

Marehemu mumewe, Abdulatif, alikuwa fundi cherehani, na kila aliposhona alikuwa akivumisha puani vivyo hivyo. Basi huna haja ya kuambiwa mjane huyu alikuwa akisikia nini ukutani. Alijua vizuri kwamba lile ni tangi la chuma na maji yanayopata moto. Lakini moyo haukusomea umeme, na kila asubuhi moyo wake ulimwambia kwamba Abdulatif yuko kazini.

Hita yenyewe ilikuwa imetundikwa ukuta wa nyuma, chini ya upenu. Bomba moja liliingia bafuni, jingine lilitokea uani, na jirani yeyote mwenye kuogopa baridi aliruhusiwa kuja na birika lake. Ilipata maji kutoka tangi dogo jeusi lililokaa juu ya mnara wa mbao. Na ndani ya hita hiyo mlikuwa na maji ambayo Bi Safiya hakutaka yaguswe na fundi yeyote chini ya jua.

Kisa chake ni hiki. Abdulatif aliporudi Hijja alikuja na dumu la maji ya Zamzam, na mji ukamiminika kumpa mkono. Waliowahi walipewa kikombe, waliofuata nusu kikombe, waliochelewa wakaambulia kijiko. Ndipo maneno yalipoanza. Fulani kapewa kikombe kwa kuwa ni tajiri wa mifugo, fulani kapewa kijiko kwa kuwa kasilimu juzi tu. Abdulatif hakuwa mtu wa kelele. Alilichukua dumu lake, akapanda ngazi mpaka kwenye lile tangi jeusi, akamimina yote yaliyobaki.

"Haya," alisema aliposhuka, akijipangusa mikono. "Sasa ni ya kila mtu. Kikombe au kijiko, shauri la mwenye kufungua bomba."

Wengine walicheka, wengine wakashika vichwa. Sheikh wa mtaa alikuna ndevu, akasema kwamba jambo hili hajapata kulisikia, lakini maadamu bomba la uani haliko chooni, na tumwachie Mungu. Safiya alikuwa na swali moja tu. Alijua kwamba kila mwaka baridi ikiingia, hita hufunguliwa chini na kumwagwa maji yote, ili itolewe chumvi. Maji ya Machakos yana chumvi nyingi. Ukichemsha sufuria mwezi mzima bila kuisugua, utakuta imevaa ganda jeupe.

"Kwa hiyo maji haya hayatamwagwa tena?" alimwuliza mumewe.

Abdulatif alimtazama kwa muda. "Hayatakwisha, Safiya," akasema. "Maji haya hayatakwisha."

Safiya akaliweka jibu hilo moyoni na kulifunga kwa kitasa. Lilimwingia akilini pia. Hita haikauki, kikombe kikitoka, kikombe kinaingia, na ya zamani yanabaki humo yakiyafunza mapya. Yeye alizaliwa Mkamba, huko Katangi, na alikumbuka mama yake alivyokuwa akibakiza uji kidogo chunguni, ili uji wa kesho uchachuke kwa ladha ya ule wa jana. Tangu hapo kila aliyekuja kutawadha aliambiwa habari hiyo, apende asipende. Binti yake wa pekee, Hidaya, alikua akiisikia mpaka akaijua kama alhamdu.

Jambo jingine la ndoa ile lilikuwa safari za Katangi. Kila Julai, ukungu ulipozidi, Abdulatif alimhimiza mkewe aende kwa dada yake, Mbinya, aliyekuwa na duka huko. "Baridi ya huku itakuua. Nenda kaote jua la Yatta," alikuwa akimwambia, na kumbebea kikapu mpaka stendi. Safiya aliona fahari. Ni wanawake wangapi ambao waume zao hukumbuka kwamba wana dada?

Lakini kila aliporudi alimkuta Abdulatif akichechemea. Uani kulinuka siki. Kanzu ya kazini ilikuwa kwenye kamba, imelowa mikono mpaka mabegani. Akiuliza siki ya nini, alijibiwa, "Nilikuwa natengeneza achari." Achari iko wapi? Imeharibika. Na goti? "Nilipita njia ndefu ya msikitini." Jirani mmoja mwenye ulimi mrefu alimnong'oneza kwamba mume anayemsafirisha mkewe kila mwaka ana lake jambo. Safiya akamcheka usoni: mke mwenza gani huyo anayejipaka siki? Jioni alipasha mafuta ya simsim, akamkanda mumewe goti huku akimgombeza, na mumewe akavumisha puani kwa raha.

Kisha Abdulatif akafa, kabla ya baridi ya mwaka ule kuingia. Julai ilipofika, Muli alibisha langoni na kisanduku chake cha spana. Huyu Muli alikuwa fundi wa umeme mwenye kibanda karibu na soko, mtu wa Kalama, mrefu, mpole, asiyeongea mpaka aulizwe. "Nimekuja kuangalia ile hita, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama ilivyo adabu. Safiya akamjibu kwamba haijaharibika. Mwaka uliofuata akaja tena, na uliofuata huo, akajibiwa vivyo hivyo kupitia tundu la lango. Safiya alimwona king'ang'anizi. Alichojua ni kwamba mwanamume huyu akiingia na spana zake, maji ya Abdulatif yatakwenda na mtaro.

*

Hidaya alirudi nyumbani kutoka Nairobi tumbo likiwa limemtangulia. Alikuwa mzazi wa mara ya kwanza, na mimba ya kwanza huja kwa mama. Mumewe, Ramzi, alimleta, akanywa chai, akarudi kazini. Bi Safiya alikuwa ameshaandaa kila kitu. Mkandaji ameshasemeshwa, khanga zimefuliwa, kilichobaki ni mtoto. Arobaini nzima mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na mtoto huogeshwa, na hiyo ilikuwa Julai. Nyumba ya arobaini isiyo na maji ya moto ni mateso matupu.

Wakati huo hita ilikuwa imeanza kuimba vibaya. Mluzi ulikuwa umegeuka mkwaruzo. Ilichukua asubuhi nzima kupasha maji ya mtu mmoja, na yalitoka na rangi ya chai, yakiwa na vipande vyeupe kama maganda ya yai. Majirani waliokuwa wakija na birika walianza kukumbuka kwamba wana majiko kwao. Bi Safiya aliyaona hayo yote na kujifanya hakuyaona.

Kisha, asubuhi moja, Hidaya alifungua bomba la uani kunawa uso, akapiga ukelele. Bi Safiya alipofika alimkuta ameegemea ukuta, mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine ameuficha kwapani.

"Imenipiga shoti, Mama. Imenipiga mpaka kwa kiwiko!"

"Na mtoto?"

"Anacheza. Anacheza sana, hata yeye ameshtuka." Hidaya alikuwa akicheka na kulia. "Mama, mimi najua hayo ni maji ya Baba. Mimi sitaki yamwagwe kwa sababu yangu. Lakini tutamwogesha mtoto na nini?"

Bi Safiya alikwenda kuizima hita, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya tangi bubu. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Akiyaacha maji, atamtia binti yake na mjukuu hatarini, na hilo Mungu halisamehe wala Abdulatif hawezi kulisamehe. Akiyamwaga, basi mumewe atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Jua lilikuwa limeanza kupenya ukungu. Lilimwangukia magotini, likamlegeza, na usingizi ukamchukua akiwa ameketi.

Katika usingizi huo ukungu ulikuwa bado mzito, lakini ulikuwa kitambaa. Ulining'inia kutoka bati la jirani hadi bati lake, mweupe, mwepesi, na Abdulatif alikuwa ameukalia mwisho wake akiukunja upindo kwa sindano ya mkono. Alishona bila haraka, akivumisha puani. Uzi ulikuwa ukitiririka, kwa kuwa ulikuwa maji, na haukudondoka hata tone. Safiya akamwuliza, "Wataka nifanye nini?" Abdulatif hakuinua macho. Alinyoosha tu kiganja, kama alivyokuwa akifanya kila siku dukani, akasema, "Nipe mkasi."

Alipoamka shingo ilikuwa imekakamaa na chai ilikuwa imeingia nzi. Alikaa akiutazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa umenyooshwa mbele kama wa mtu anayempa mwenzake kitu. Kisha akavaa buibui, akaenda sokoni kumwita Muli.

*

Muli alikuja siku iliyofuata, Hidaya akiwa amekwenda kliniki. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafunga koki ya maji yanayoingia tangi la juu, akavisha mpira kwenye koki ya chini ya hita na kuuelekeza mtaroni. Alifanya yote hayo bila kuuliza koki iko wapi wala swichi iko wapi. Bi Safiya hakuliangalia hilo. Alikuwa akiuangalia ule mpira.

"Ngoja, Muli," alisema. "Usifungue bado. Maji haya si maji hivi hivi tu."

Akamsimulia. Dumu la Zamzam, kikombe na kijiko, ngazi, na ahadi ya Abdulatif. Alisimulia taratibu, kwa kuwa alikuwa akiaga. Muli alikaa juu ya kisanduku chake, akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua uso.

"Mwaitu, iko wapi ile jagi?"

"Jagi gani?"

"Ile ya mzee. Ya bluu, mdomo yake imevunjika kidogo."

Bi Safiya alimtazama asielewe. Jagi hilo alilijua. Lilikuwa stoo, juu ya rafu, limejaa vifungo na nyuzi zilizosokotana, na mara nyingi alitaka kulitupa. Lakini mtu huyu alilijuaje?

"Si ndio tulikuwa tunatumia?" Muli alisema. Alikuwa akiizungusha kofia yake vidoleni. "Kila Julai ukienda Katangi. Nikiwa kwa kibanda namwona mzee anakuja mbio. 'Muli, bibi ameenda, twende haraka.' Kama mwizi! Tunafunga stima, tunamwaga hii maji yote. Lakini kwanza yeye anateka jagi moja. Anafunika na kitambaa, anaweka pale kwa dirisha, hataki hata nipite karibu. Mimi natoa element, ile chuma ya kupasha maji, naiweka kwa siki, chumvi inatoka. Tukishafunga, tangi ya juu iko tupu. Ndio anapanda na jagi yake anamwaga, ile ya zamani itangulie kuingia. Halafu sasa ndio tunafungulia hiyo maji ingine."

Bi Safiya aliinua macho kuutazama mnara. Uani kulisikika ukungu ukidondoka kutoka kwenye bati.

"Nilimwambia, mzee, wacha mimi nipande, wewe uko na goti. Alikataa kabisa. Alisema, 'Mimi ndiye nilimwambia Safiya.' Hiyo ngazi ilikuwa inamsumbua, mwaitu. Akishuka lazima akae chini kwanza."

Siki, kanzu iliyolowa mabega, achari ambayo haikuonekana hata siku moja, njia ndefu ya msikitini. Vyote vilimjia Bi Safiya kwa pamoja, vikamkalia kifuani.

"Mwongo!" alisema. "Mwongo mkubwa, Abdulatif! Achari!" Akacheka, akacheka mpaka ikambidi ashike ukuta, na hapo ukutani kicheko kikageuka, akalia kama alivyoshindwa kulia siku ya mazishi, watu walipokuwa wakimtazama. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mumewe alikuwa akiyazoa kila Julai, kwa goti bovu, kwa sababu mkewe aliuliza swali moja na yeye hakutaka kumjibu uongo. Nilimwuliza kama hayatamwagwa, aliwaza Safiya, naye akanijibu kwamba hayatakwisha. Nami nikasikia nilichotaka.

"Mbona hukuniambia?" alimwuliza Muli alipoweza kusema. "Miaka yote unakuja langoni!"

"Hukufungua, mwaitu. Na mambo ya nyumba ya mtu mimi siwezi kusema kwa barabara." Muli aliivaa kofia yake. "Nilikuwa nakuja juu ya hiyo jagi. Niliona mwaka inapita na hakuna mtu anapanda."

Bi Safiya alikwenda stoo. Alimwaga vifungo kwenye sinia, akaliosha jagi, akalisuuza, akarudi nalo. Muli alifungua koki kidogo. Maji ya kwanza yalitoka mazito, ya kahawia, na wala hayakufanana na kitu kitukufu. Bi Safiya aliyapokea hata hivyo, akayachuja kwa ncha ya mtandio wake wa kuswalia, akayafunika na kuyaweka dirishani. Kisha akasema, "Fungua."

Yalikwenda. Yalipita mtaroni yakifuka mvuke uliochanganyika na ukungu, na kwa kitambo hakuna aliyeweza kusema mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Bi Safiya aliyasindikiza kwa macho mpaka chini ya lango. Yalimwuma. Lakini hayakumwua.

Element ilipotoka ilikuwa imevaa ganda nene kama mkono wa mtu aliyefungwa bandeji, na chini ya ganda ilikuwa imepasuka. "Hapa ndio stima ilikuwa inaingilia kwa maji," Muli alisema, akaitupa na kuweka mpya. Alichomoa pia kijiti cha madini kinachowekwa ndani ili kutu ikile chenyewe na kuliacha tangi. Kilikuwa kimebaki uzi mtupu. "Hii imekufa ikifanya kazi," alisema, akakibadilisha nacho. Alichota ganda kwa konzi kutoka ndani, akalisuuza tangi kwa siki hadi majirani wakaanza kuchungulia juu ya ua, akafunga kila kitu.

"Sasa," alisema, akaleta ngazi na kuishikilia kwenye mnara. Akanyoosha mkono apewe jagi. "Leta, mwaitu, nipande."

"Wewe shika ngazi," alisema Bi Safiya.

Alijifunga khanga kiunoni, akasema Bismillahi, akapanda. Vidato vilikuwa vyembamba na baridi, na mkono wenye jagi haukuwa na pa kushika. Kila alipoinua mguu, goti lilimchoma mpaka nyongani, na kila lilipomchoma alijua: hapa na yeye alisimama kupumua. Alipofika juu alikuwa ndani ya ukungu wenyewe. Hakuuona mji, hakumwona hata Muli. Kuta za lile tangi jeusi zilikuwa zikitoa ubaridi usoni pake. Alitia mkono ndani pamoja na jagi, mpaka begani, ili maji yasidondoke kwa kishindo, akayamimina yote hadi tone la mwisho. Mkono wa gauni ukalowa hadi bega.

Aliposhuka, ilimbidi akae chini kwanza. Muli alifungulia koki ya maji mapya, akageuka upande mwingine, akajishughulisha na spana zake.

*

Hidaya aliporudi kutoka kliniki alimkuta mama yake kwenye kigoda. Gauni lilikuwa kwenye kamba, limelowa mkono mmoja hadi bega. Hita ilikuwa imewashwa na haikutoa sauti. Ilipasha maji kimya kimya, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Hidaya alilijaribu bomba kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja, akafumba macho mkono ukiwa ndani ya maji ya moto.

"Fundi amefanya kazi. Lakini mbona kunanuka siki hivi?"

"Nilikuwa natengeneza achari," alisema Bi Safiya.

Akainuka kumletea mwanawe kiti, akachechemea.

"Mama! Goti limefanya nini?"

"Nimepita njia ndefu ya sokoni."

Hidaya alikuna kichwa, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya mafuta ya simsim. Alijishusha kwa shida kwenye mkeka, tumbo likimzuia, akauvuta mguu wa mama yake mapajani na kuanza kuukanda. Kisha akauliza bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayejiona ana kosa, "Na maji ya Baba, Mama? Yamemwagwa?"

Bi Safiya aliutazama mkono wa binti yake ukizunguka gotini, polepole, kama yeye alivyokuwa akimkanda mwingine kila Julai bila kujua sababu.

"Hayatakwisha," alisema. "Kanda hapo, mama. Hapo hapo."